Atlasi ya tabianchi ya IPCC: ramani iliyojibu swali la mwanafunzi wangu

"Mwalimu, nyuzi moja na nusu ni joto gani la kutisha? Mbona asubuhi na mchana hupishana zaidi ya hapo?" Kwa maneno matupu nilishindwa kumjibu. Jibu nimelipata kwenye atlasi ya mtandaoni ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, iliyotoka Agosti 2021 pamoja na ripoti yao ya sita. Kuitumia ni bure.

Unachagua dunia ipande nyuzi 1.5, 2, 3 au 4, ramani inabadilika rangi. Darasa langu lilidhani kila mahali patapanda sawasawa. Kumbe bahari inachelewa, nchi kavu inatangulia, na Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini, ndiyo inayokolea kuliko kwingine. Ndivyo ilivyo hata sasa: katika miaka ya 2011–2020 nchi kavu ilikuwa imepanda nyuzi 1.59 juu ya wastani wa 1850–1900, bahari 0.88. Kwa kuwa sehemu kubwa ya dunia ni maji, wastani unaficha joto la pale tunapoishi.

Ukiwa na dakika kumi tu, fungua ramani ya siku zinazopita nyuzi 35. Mtoto huelewa siku haraka kuliko desimali.

Angalieni sana kipindi cha kulinganishia, yaani miaka ambayo ongezeko la joto linahesabiwa kuanzia hapo. Niliwahi kuonyesha ramani mbili, moja ikianzia 1850–1900, nyingine 1995–2014, nikazifundisha kama kipimo kimoja. Kufikia kipindi cha pili dunia ilishapanda takriban nyuzi 0.85, hivyo ramani ile ilionyesha nafuu isiyokuwepo. Kipindi kimeandikwa wazi. Ni mimi sikusoma. Kesho yake niliwaomba radhi wanafunzi, tukarudia somo zima.

Mistari ya mshazari inaonyesha mahali ambapo modeli, yaani programu za kompyuta zinazokadiria tabianchi, hazikubaliani vya kutosha. Kwenye mvua ni mingi, kwenye joto haba sana. Naiheshimu kazi inayokuonyesha mashaka yake hivyo.

Naipendekeza kwa kila mwalimu wa jiografia. Yule aliyeuliza swali alibaki baada ya kipindi, akibofya 1.5, kisha 3, kisha 1.5 tena, akihesabu siku za joto kali zitakazokuwapo atakapofikia umri wangu.