Miezi minne nikiwasha ThinkPad X200 kwa flashi: uzoefu wangu

Laptopu yangu ni Lenovo ThinkPad X200, toleo la mwaka 2008, niliyoachiwa na kaka yangu alipohamia Eldoret. Ndimo kulimokuwa vitabu vya chama chetu cha akina mama hapa Manyatta, Kisumu: michango, mikopo, faini za waliochelewa, kumbukumbu za vikao. Mwezi wa Machi diski yake ilianza kugonga tik, tik, na siku ya pili mashine ikakataa kuwaka. Fundi aliisikiliza tu, hata hakuifungua. "Mama, diski imekufa. Mashine yenyewe ni nzima." Diski mpya ya SSD, pamoja na kazi yake, shilingi 3,500. Karo ilikuwa haijalipwa, nikairudisha laptopu nyumbani.

Mpwa wangu, ambaye anasoma Maseno, ndiye aliyesema, "Auntie, hiyo inaweza kuwaka bila diski. Tafuta flashi tu."

Nikatafuta, na hapo ndipo nilipopotezea pesa ya kwanza. Nilinunua barabarani flashi iliyoandikwa GB 256 kwa shilingi 600. Mpwa wangu aliipima kwa programu inayoitwa H2testw, ikaonekana nafasi yake halisi haifiki hata GB 8. Flashi bandia ina ubaya huu: inapokea kila unachoiwekea bila kulalamika, lakini ukishapita ukubwa wake wa kweli, unachoandika kinapotea. Tafadhali, kabla hujaikabidhi kazi ya watu, ipime. Niliongeza pesa nikanunua SanDisk ya GB 32 dukani, nayo haijanisumbua mpaka leo.

Kuitayarisha tulienda saiba huko Kondele, kwa sababu inahitaji kompyuta nyingine iliyo nzima. Unapakua faili ya mfumo wa kuendesha kompyuta, yaani ule unaokaa mahali pa Windows, unaiandika kwenye flashi kwa programu inayoitwa Rufus, dakika chache imekwisha. Kumbuka Rufus hufuta kila kitu kilichomo kwenye flashi. Ukifika nyumbani unachomeka, unawasha, na papo hapo unabonyeza F12 mara kadhaa. Kwenye X200 inatokea orodha ya vifaa vya kuwashia mashine. Flashi inajiita USB HDD. Ukichagua hiyo, imeanza. Mashine za aina nyingine zina vitufe vyao; HP nyingi hutumia F9.

Tulianza na mfumo unaoitwa Linux Mint, toleo lake jepesi la Xfce. Inapendeza, na mtu aliyezoea Windows haoni ugeni. Lakini kwenye mashine hii ilinichosha. Matundu yote ya X200 ni USB 2.0, na flashi kwa kawaida haipendi kuandikiwa vipande vidogo vidogo, kazi ambayo kivinjari hufanya muda wote. Nilikuwa nikifungua Firefox, naenda kubandika chai, narudi bado inazunguka. Kunakili mfumo wote kwenye memori (RAM) ili uende kasi hakukuwezekana: faili ya Mint inakaribia GB 3, na mimi nina RAM ya GB 4 tu.

Tukahamia Puppy Linux, ambayo Barry Kauler wa Australia aliianzisha mwaka 2003. Tulichukua toleo lake linaloitwa BookwormPup64. Haifiki hata GB 1, kwa hiyo inapowaka inajinakili yote kwenye memori na kufanyia kazi humo. Jamani, nilishangaa. Ile laptopu niliyodhani ni ya kutupwa ilifungua kurasa upesi kuliko ilivyokuwa na diski yake. Waifai ilishika yenyewe bila kutafutiwa programu ya ziada. Nikaongeza LibreOffice, programu ya kuandikia na hesabu, nikaanza kuandika vitabu upya kutoka kwenye karatasi.

Wiki ya tatu, stima ikapotea. Betri yangu ilishachoka, haikai hata dakika moja. Nilikuwa nimeingiza mikopo ya wanachama kumi na wanane, na nilikuwa nimebonyeza kuhifadhi kama kawaida. Stima iliporudi, hakuna hata mstari. Nililia, kwa kweli. Zile karatasi nilikuwa nimeanza kuziwashia jiko.

Sababu ni ileile inayoipa kasi. Ukiwasha Puppy kwa flashi, unachohifadhi kinakaa kwanza kwenye memori. Kwenye flashi kinashuka kila baada ya dakika 30, au unapozima, au unapobonyeza alama ya Save iliyoko kwenye skrini. Memori ikikosa umeme, imesahau. Jambo hili lilistahili kuambiwa mgeni siku ya kwanza kabisa, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Ninachofanya sasa ni hivi. Hati za chama naziweka moja kwa moja ndani ya /mnt/home, ambayo ndiyo flashi yenyewe, si kwenye folda za kawaida za Puppy. Zile dakika 30 nilizipunguza zikawa 5, kupitia sehemu ya mipangilio ya Puppy inayoitwa Puppy Event Manager. Inakwama kidogo inapohifadhi, navumilia. Tangu hapo stima imepotea mara nyingi, sijapoteza kitu. Flashi nayo siichomoi mpaka mashine izime kabisa, na nilitafuta ile fupi isiyochomoza, kwa sababu watoto wanapita wakiigonga.

Kama mashine yako ina RAM ya GB 4 na diski imekufa, njia hii naisifu kwa moyo wote. Hata kama diski yako ni nzima: Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali mashine za umri huu. Kwa kuandika, hesabu, barua pepe na kuingia tovuti za serikali, inatosha kabisa. Video ndefu inaifanya ipate moto, sizifungui.

Kinachonitia hofu sasa ni kuiangusha flashi kwenye matatu na vitabu vya watu vimo ndani. Kwa hiyo nilinunua ya pili. Kila Jumamosi tukimaliza kikao nanakili hati mbele ya wote, na ile ya pili anaondoka nayo mwenyekiti.