TAHADHARI: Forodhani, msikubali kula kabla ya kutajiwa bei

Ndugu mnaopanga kutembelea Mji Mkongwe wa Unguja, naomba mjihadhari na baadhi ya wauza samaki wa usiku katika bustani ya Forodhani, mbele ya Ngome Kongwe, ambao huwakaribisha wageni kwa maneno matamu na kuwatajia bei pale tu sahani zinapokuwa tupu.

Yaliyowafika shemeji zangu waliokuja kutoka Mwanza ni haya. Walianza matembezi yao Mkunazini, kwenye Kanisa la Anglikana lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, wakapita Darajani, na jua lilipotua wakateremka Forodhani wakiwa na kijana aliyewadandia njiani akijiita mtembezaji wageni, ingawa hakuwa na kitambulisho chochote cha Kamisheni ya Utalii. Kijana huyo hakuwaacha wasimame kwenye meza nyingine yoyote. Aliwafikisha moja kwa moja kwa mchuuzi anayemjua, naye akaanza kuwapakulia hata kabla hawajaagiza: mishikaki ya pweza, ngisi, kamba, vipande vya nguru, chapati na chipsi. Kila walipouliza bei alijibu, "Kuleni kwanza, tutaelewana." Hesabu ilipokuja, kila mshikaki ulitozwa peke yake, tena kwa dola, ilhali wote ni Watanzania, na juu yake yakaongezwa malipo ya yule kijana, ambaye wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya meza akingoja fungu lake. Walipobisha walizungukwa na vijana wengine, wakalazimika kulipa ili waondoke salama.

Inaniuma sana, kwa sababu ukarimu ndio sifa ya kwanza ya kisiwa hiki, na wachuuzi waungwana wa urojo na maji ya miwa waliopo hapohapo wanachafuliwa jina bila kosa.

Chakula chenyewe pia kilikuwa na walakini. Pweza alikuwa mkavu na mgumu, dalili ya mshikaki uliochomwa mapema, ukakaa wazi mezani, kisha ukapashwa moto juujuu mteja alipofika, na vyakula vya baharini vikitunzwa hivyo katika joto letu vinaweza kumdhuru mtu vibaya, hasa watoto.

Forodhani ni bustani ya umma na haina kiingilio, kwa hiyo hamhitaji mtu wa kuwaingiza wala kuwachagulia meza. Ulizeni bei ya kila kitu kwa shilingi, mjumlishe wenyewe na kukubaliana jumla hiyo kabla sahani haijaguswa, na mkiona mchuuzi anakwepa kujibu, ondokeni. Mshikaki uchomwe kutoka ubichi mkiwa mnautazama. Shemeji zangu wametoa taarifa polisi, na yeyote aliyefanyiwa hivyo naye atoe taarifa kabla hajapanda boti ya kurudi Dar es Salaam, maana lalamiko ni rahisi kufuatiliwa mlalamikaji akiwepo kuionyesha meza yenyewe.