Pikapu ya mtumba kwa familia yenye watoto: ipi uanze nayo, ipi uiache yadi

Familia ikifikisha watoto watatu, IST haitoshi tena. Mdogo yuko kwenye kiti chake cha mtoto, wakubwa wawili wanagombea dirisha, dada amebanwa katikati, na safari ya kwa bibi ina gunia la mchele kwenda na mikungu ya ndizi kurudi. Hapo baba huanza kutaja dabo kebini, yaani pikapu yenye viti vya nyuma, na mama huuliza kwa nini isiwe Noah. Mama ana hoja. Kama huna shamba, hujengi, na lami inafika hadi getini kwako, nunua Noah. Itabeba watu wengi zaidi na haitawarusha kwenye kila tuta. Yanayofuata hapa ni ya wale ambao wiki yao moja ina shule, saruji na tope.

Wanunuzi wengi hulinganisha pikapu mwaka kwa mwaka: Hilux ya 2013 na Ranger ya 2013. Lakini unaponunua unatoa pesa, hutoi mwaka. Jina la Hilux lina bei yake, na kiasi kinachokupa Hilux iliyochoka mara nyingi kinatosha D-Max au Ranger changa zaidi, yenye kilomita chache. Kwa hiyo nimeipanga orodha hii kwa swali moja: kwa pesa hiyohiyo, ipi itawakalisha watoto vizuri na bado ipate fundi ukiharibikiwa Singida?

Zinatoka wapi

Tumezoea kuagiza magari Japani, ila kwa pikapu Japani si ghala kubwa. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini humo mwaka 2004 na kuirudisha Septemba 2017, nayo ikiletwa kutoka kiwandani Thailand. Ndiyo maana ukiitafuta Vigo, yaani Hilux ya 2005 hadi 2015, kwenye tovuti za wauzaji wa Japani unaona chache sana. Zilizopo mitaani kwetu nyingi ziliuzwa mpya hapahapa au zimetoka Thailand, Uingereza na Afrika Kusini.

Ya Uingereza huvutia kwa viti visafi na kitabu cha sevisi kilichojazwa. Ila kule wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi, na chumvi hula chasisi polepole kutokea ndani. Usiinunue kwa picha. Nyingi za miaka ya karibuni pia zina chujio la masizi kwenye ekzosi, ambalo linahitaji safari ndefu ili lijisafishe. Mtu wa kupeleka watoto shule kilomita nne na kurudi ataliziba.

Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane, hivyo pikapu kuukuu utakayoiona Nairobi ilishasajiliwa huko zamani, na historia yake inaweza kufuatiliwa. Tanzania gari kuukuu linaingia, lakini umri wake unaongeza ushuru. Fungua kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutuma hata senti, maana bei ya kwenye tovuti ni mwanzo tu wa hesabu.

Anza na kiti cha nyuma

Wanaume wengi wakifika yadi hufungua boneti. Wewe fungua mlango wa nyuma. Nenda na watoto, nenda na kiti cha mtoto, kifunge palepale muuzaji akiwa anaangalia. Hesabu mikanda: viti vitatu vinataka mikanda mitatu inayopita begani, na kwenye pikapu nyingi za zamani abiria wa katikati ana mkanda wa kiunoni tu. Angalia kama kuna nanga za ISOFIX, vile vyuma vya kukazia kiti cha mtoto. Kisha vuta kiti cha dereva hadi pale unapokaa wewe, ukae nyuma yake mwenyewe. Mgongo wa kiti cha nyuma kwenye dabo kebini husimama wima kama benchi la kanisani, na mtoto wa miaka kumi na mbili akikaa hivyo kutoka Dar hadi Moshi mtasikilizana vizuri njia nzima.

Washa AC, funga vioo, subiri dakika kumi huku mtu amekaa nyuma. Pikapu nyingi za kabla ya 2015 hazina matundu ya hewa huko, na joto la Dar mwezi wa pili unalijua.

Na bodi ni ya mizigo. Urefu wake kwenye dabo kebini ni kama mita moja na nusu. Watoto hawapandi huko, hata kama ni "hapo tu sokoni". Kama familia yako haitoshi ndani, bado hujapata gari lako.

1. Isuzu D-Max, 2013 hadi 2019, injini ya lita 3.0

Najua kuna watakaokasirika kwamba Hilux haiko juu. Injini ya 4JJ1 ya lita 3.0 imewekwa pia kwenye malori madogo ya Isuzu, kwa hiyo mafundi wengi wa malori wanaielewa. Inatumia cheni badala ya taiming beliti, ambayo hutaka kubadilishwa kila baada ya muda. Haina mbio za kujivunia na kelele yake ni ya lori, lakini inavuta ikiwa na mzigo na haina makuu kwenye mafuta. Nafasi ya miguu nyuma inazidi ya Vigo. Kenya D-Max huunganishwa Nairobi na Isuzu East Africa, na spea zake utazipata Kirinyaga Road bila kuzunguka sana. Dar ni Kariakoo, ingawa si kila duka.

Udhaifu wake mkubwa ni maisha iliyopitia. Kampuni na miradi huipenda, na dereva asiyelipia klachi haionei huruma. Tafuta iliyokuwa ya mtu binafsi, au ya ofisi yenye kumbukumbu za sevisi. Ukipata ya lita 2.5 kwa bei nzuri, chukua, mradi safari zako za mlima na mzigo si nyingi.

2. Toyota Hilux

Vigo, ile ya 2005 hadi 2015, utaiuza siku yoyote utakayotaka, na fundi wake yuko hata kijijini. Hayo mawili yana thamani kubwa kwa mwenye familia, na ndiyo yanayoiweka ya pili. Lakini usidanganywe kwamba haifi. Injini zake za dizeli, D-4D za lita 2.5 na 3.0, zina nozeli (zinazonyunyiza dizeli) zinazotaka heshima. Kwenye 3.0 hasa, washa za shaba zinazokaa chini ya nozeli zikianza kuvuja, moshi wa mwako huingia kwenye oili, masizi hujikusanya na kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampo, bakuli la oili chini ya injini. Injini inakosa oili huku kijiti kikionyesha imejaa. Muulize muuzaji nozeli zilifunguliwa lini mara ya mwisho na nani. Akijibu kwamba hazijawahi kuguswa na gari lina kilomita laki mbili na nusu, hiyo si sifa. Taiming yake ni ya beliti. Bila risiti, hesabu kwamba haijabadilishwa na uishushe kwenye bei.

Ya petroli ya lita 2.7 haina habari za nozeli za dizeli na inafaa kwa anayezunguka mjini, ila kituo cha mafuta kitakufahamu kwa jina.

Revo, kuanzia 2015, ni gari bora kuliko Vigo kwa kila kitu kinachomhusu mtoto, na injini zake za 2.4 na 2.8 zina cheni. Euro NCAP, wapimaji wa Ulaya wanaoyapa magari nyota za usalama hadi tano, walipoipima mwaka 2016 ilipata nyota tatu, na tano ilipokuwa na vifaa vya ziada vya usalama. Kwa hiyo Revo si moja: ya kazi yenye sakafu ya mpira na ya kifahari hutofautiana. Kama mfuko unafika Revo safi, basi irukie nafasi ya kwanza. Kwa wengi wetu haufiki.

3. Ford Ranger, 2012 hadi 2018

Kwa watoto peke yake, hii ingekuwa namba moja. Mwaka 2011 ilikuwa pikapu ya kwanza kupata nyota tano za Euro NCAP, na kiti chake cha nyuma kina upana ambao Vigo haina. Ukiiendesha barabara kuu unasahau kwamba uko kwenye pikapu.

Kinachoishusha ni fundi. Injini zake za lita 2.2 na 3.2 hazivumilii mazoea. Oili ikimwagwa na kuachwa wazi muda mrefu, pampu inaweza kushindwa kuvuta oili mpya injini inapowashwa. Fundi akifungua sampo kisha akaenda kula chipsi, anaweza kuiua injini nzima bila kujua. Kipoza cha EGR, kinachopoza moshi unaorudishwa kwenye injini, nacho huvuja, maji ya radieta hupungua kimyakimya, na siku gari linapochemka silinda hedi imeshapinda. Anayeishi Dar, Arusha, Mwanza au Nairobi na ana gereji inayoijua Ford asiiogope. Anayeishi mbali na miji hiyo aiache. Na kabla hujalipa, tafuta Mazda BT-50 ya 2012 hadi 2020. Ni ndugu wa tumbo moja na Ranger hiyo, injini zilezile, sura tu ndiyo imewakimbiza wanunuzi, na bei imefuata sura.

4. Mitsubishi L200

Mgongo wa kiti cha nyuma umelala kidogo, jambo ambalo wenzake walichelewa kulijifunza, na inakata kona ndogo kuliko zote hapa, hivyo mama atashukuru kwenye maegesho ya shule. Zenye mfumo wa Super Select unaweza kutumia fo wili hata kwenye lami iliyolowa, wakati pikapu nyingi nyingine fo wili yake ni ya tope na mchanga tu. Lakini ile ya 2006 hadi 2015 ina sehemu ndefu ya nyuma iliyopita ekseli; ikipakiwa vibaya chasisi hupinda. Injini yake ya 2.5 ina beliti. Ya kuanzia 2015 ni nzuri zaidi, na mara nyingi huuzwa bei ya kistaarabu kwa sababu watu hawaiulizii.

5. Nissan Navara D40

Ina nguvu, ina nafasi, ina bei inayoshawishi, na kuna sababu ya bei hiyo. Za mwanzo zilisumbua kwa cheni ya taiming, na Uingereza chasisi zake zilioza hadi kukatika, Nissan ikayanunua upya baadhi ya magari. Mwaka 2008 Euro NCAP waliipa nyota moja kabla Nissan haijarekebisha programu ya mifuko ya hewa na kufikia tatu. Iliyouzwa mpya Afrika Mashariki na kutunzwa inaweza kufaa. Iliyotoka Uingereza, hapana.

Ambayo haimo kwenye orodha ni Nissan Hardbody, NP300 ile ya zamani. Ni farasi wa kazi, rahisi kutengeneza, na ningemshauri mkulima aichukue. Ila Global NCAP, wapimaji wa usalama wa kimataifa, walipoipima mwaka 2018 ilipata nyota sifuri. Usiweke watoto humo kila asubuhi.

Siku ya kukagua

Fika alfajiri, na umwambie muuzaji mapema asiiwashe. Injini ya dizeli huficha mengi ikishapata moto. Iwashe mwenyewe, sikiliza mlio wa kugonga wa dakika ya kwanza, tazama moshi. Moshi mweupe unaoendelea na mlio mkavu wa kugonga, shuku nozeli. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Kama inapumua kwa nguvu na kutapika, kuna oveholi inakungoja.

Kisha kaa kando, mita tatu hivi, utazame pengo kati ya kabini na bodi. Likiwa pana juu na jembamba chini, chasisi imepinda kwa mzigo. Ingia chini na tochi, gonga chasisi kwa bisibisi, tafuta welding mpya iliyopakwa rangi nyeusi. Hesabu majani ya springi, maana yaliyoongezwa yanasema ukweli kuliko dalali. Inua zulia la bodi uone mabonde. Mpira wa pedali ulioisha na usukani unaong'aa haviendani na odometa ya kilomita 90,000.

Herufi za namba pia hudanganya. "Ni namba mpya kabisa hii" inakwambia tu lini gari lilisajiliwa Tanzania, si lini lilitengenezwa. Mwaka uko kwenye kadi na hutafutika kwa namba ya chasisi, ambayo lazima uisome kwenye chuma chenyewe na kuilinganisha na kadi, pamoja na namba ya injini.

Kama gari lilikuwa la mradi wa wafadhili au ubalozi, uliza kuhusu ushuru. Yaliyoingia kwa msamaha wa kodi hudaiwa yanapohamia kwa mtu wa kawaida, na "utamalizana nao wenyewe TRA" si jibu. Angalia deni la trafiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa polisi, kwa sababu faini hukaa na gari. Tenga sehemu ya bajeti, asilimia kumi hadi kumi na tano, kwa matairi, oili zote, beliti na breki ndani ya mwezi wa kwanza. Ukimaliza pesa yote yadi, umenunua zaidi ya uwezo wako. Mkataba usainiwe mbele ya wakili, na salio lilipwe uhamisho wa umiliki ukiwa umeshaanza TRA, si kwa ahadi ya Jumatatu.