Steshenari ya Majengo: rangi safi, ila kwenye kukata mna kazi

Wakuu kuna steshenari moja karibu na soko la Majengo hapa Dodoma, jina naliacha maana dogo wa pale kaniharibia kazi kwa nia njema kabisa. Nilimpelekea flashi ina picha 12 nilizotumiwa na jamaa yangu aliyeko Uingereza, za kitabu cha mahubiri ya Kilatini kilichoandikwa kwa mkono karne ya 11, kinaitwa Pembroke 25, kiko chuo cha Pembroke huko Cambridge, nikataka zichapwe rangi saizi ya A3 basi.

Rangi kiukweli hawana mpinzani. Zile kurasa si karatasi, ni ngozi ya mnyama, na kwenye chapa yao unaiona mpaka vile vidoti vya vinyweleo, kama ngozi ya ngoma ya muheme ya mama zetu wa Kigogo ukiinamia karibu. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akaniuliza baba hii ni dawa? Nikamwambia mahubiri mama, hapa wanasema fratres karissimi yaani ndugu wapendwa, akacheka, kumbe kama mchungaji wetu tu.

Sasa shida. Dogo kaona vimaandishi vya juu na pembezoni kadhani uchafu, vingine kavifuta kwenye kompyuta, vingine kavikata na mashine, "ili ipendeze kaka". Aisee nilikaa chini. Baadhi ya mahubiri yenyewe yalishachapishwa vitabuni, mi nilichokuwa nataka ni alama za waliowahi kukimiliki! Kitabu kilikuwa cha watawa wa monasteri ya Bury St Edmunds hukohuko Uingereza, na karne ya 14 mtunza vitabu wao, Henry wa Kirkstede, alikuwa anaviandikia herufi na namba, na vingi vina maneno Liber Sancti Edmundi, kitabu cha Mtakatifu Edmund. Monasteri ikafungwa 1539 enzi za mfalme Henry VIII, vitabu vikatawanyika, halafu 1599 shehena ya vitabu vya Bury ikaingia chuo cha Pembroke kupitia William Smart, mkubwa mmoja wa mji wa Ipswich. Hiyo ni miaka 60 ya kutangatanga, bila yale maandishi ya pembeni utajuaje kipi kilikuwa cha nani?

Nilipopoa nikakumbuka dogo hakuanza yeye. Mafundi wa kujalidi wa zamani walikuwa wanakata pembezoni hivyohivyo, na mtu akinunua kitabu anakwangua jina la mwenye nacho wa mwanzo kwa kisu, siku hizi wataalamu wanalitafuta kwa taa ya zambarau kama ile ya kukagulia noti feki, ambayo kumbe dogo anayo hapohapo kaunta, nikamwonyesha akabaki mdomo wazi.

Wamenirudishia kurasa 4 bure, zilizobaki nimelipa nusu bei. Nyota tatu. Ukienda waambie mapema pembeni wasiguse, na uwahi asubuhi, mchana foleni ya wanachuo haiishi.

Wakati naondoka dogo kaniambia subiri kaka zisije zikapotea, kachukua maka peni nyeusi, kaandika jina langu kubwaaa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.