Masomo ya sauti kuhusu atma na moksha: mazuri, ila neno "roho" limeyakwaza

Nimemaliza kusikiliza masomo 12 ya sauti yanayofundisha kwa Kiswahili falsafa ya Kihindu kuhusu nafsi na ukombozi wake, na ingawa nayapendekeza kwa moyo mkunjufu, lipo kosa moja ambalo msikilizaji afaa kulijua mapema.

Somo la tatu linayapita yote. Linasimulia kisa cha Chandogya Upanishad, andiko la kale la Kihindu, ambamo Uddalaka anamwagiza mwanawe Shvetaketu atie chumvi majini usiku, na kulipokucha anamtaka airudishe. Kijana anapapasa asiipate. Anaambiwa aonje maji upande huu, kisha katikati, kisha upande ule, na kote anakuta chumvi. Ndipo baba anapomfunulia kwamba Kile Kilichopo, ijapokuwa hakionekani, kimo humo humo, na kwamba "wewe ndiwe hicho". Mwalimu hana haraka hapa, hunyamaza kidogo baada ya kila onjo, nami sehemu hiyo niliirudia mara tatu.

Kosa ni kutumia "roho" kwa jiva, yaani yule mmoja mmoja anayezaliwa, kufa na kuzaliwa tena kwa kadiri ya karma yake, yaani matendo yake na matokeo yake, na pia kwa atma, isiyozaliwa wala kufa. Kwa sababu hiyo somo la tisa halieleweki, maana ndipo wanapobishana wanafalsafa wakubwa watatu wa Kihindu. Kwa Shankara, wa karne ya 8, jiva si mwingine ila atma, iliyo moja na Brahman, uhalisia mkuu ulio asili ya vyote, na ni ujinga tu unaomfanya ajione mbali, hivyo moksha, yaani ukombozi, ni kuutambua ukweli uliokuwapo siku zote. Ramanuja anashikilia kwamba jiva hubaki kuwa yeye hata akishakombolewa, akimtegemea Mungu kama mwili unavyoitegemea nafsi. Naye Madhva, wa karne ya 13, hakubali katu kwamba jiva na Mungu ni mmoja. Anayesikia "roho, roho" atadhani wameafikiana.

Binafsi ningeiita atma "nafsi", kwa kuwa hata katika Kisanskriti neno hilo humrejelea mtu mwenyewe, na jiva ningemwacha na jina lake.

Sauti ni safi, na somo la yoga ni fupi mno. Atakayeanza kusikiliza aandike jiva na atma kwenye karatasi, na kila isemwapo "roho" asimamishe kidogo apime ni yupi anayetajwa.