Bethlehem hadi Ramallah: Kupitia Jerusalem au Wadi al-Nar?

Kutoka Bethlehem hadi Ramallah kupitia Jerusalem ni takriban kilomita 25, safari ambayo isingezidi saa moja kwa gari kama si vizuizi vya jeshi la Israeli, linaloukalia Ukingo wa Magharibi tangu 1967.

Njia hiyo ya Jerusalem ndiyo fupi, lakini humfaa tu Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi mwenye kibali cha Israeli cha kuingia Jerusalem, na vibali vingi vilisimamishwa baada ya Oktoba 2023. Mwenye nacho huvuka kwa miguu katika Kizuizi 300, kilichopo kati ya Bethlehem na Jerusalem, ambako hupita kwenye ujia wenye nondo na mlango wa chuma unaozunguka, huweka mkanda na mfuko kwenye mashine ya ukaguzi, kisha huonyesha kadi yake. Mitambo mipya ya 2019 iliharakisha foleni, ingawa (na hili husahaulika) haikumwondolea mtu haja ya kuomba ruhusa.

Wadi al-Nar, barabara ndefu zaidi inayoizunguka Jerusalem kwa upande wa mashariki, haidai kibali, na kwa sababu hiyo ndiyo njia ya wengi. Barabara hushuka na kupanda kwa kona kali hadi kizuizi cha Container, ambacho kikifungwa, safari kati ya kusini na kaskazini mwa Ukingo wa Magharibi hukwama. Askari akikusanya vitambulisho vya abiria wa teksi moja, magari yote ya nyuma husubiri. Kwa maoni yangu, ubaya wake mkubwa si urefu bali kutotabirika: dereva hawezi kumwahidi mgonjwa mwenye miadi ya hospitali saa ya kufika, hivyo huwapigia simu madereva wenzake walioko mbele kabla ya kuwasha injini.