Lenzi ya mkono ya mara 10 kwa kuchunguza viwavi waliokufa

Kwa anayetaka kujua kiwavi wa nondo amekufaje, lenzi hii inafaa kununuliwa kabla ya hadubini. Inakuza mara 10, ina vioo vitatu vilivyounganishwa, kipenyo cha milimita 21, fremu ya chuma na taa ndogo.

Vioo hivyo vitatu ndivyo thamani yake. Picha haipindi wala haitoi rangi za upinde wa mvua pembezoni, na katika kazi hii ushahidi uko kwenye ukingo wa tundu lililo mwilini mwa kiwavi. Tundu la mviringo lenye ukingo safi limetafunwa na nyigu mdogo akitoka. Kiwavi mkavu wa kahawia, mgumu, aliyegandama kwenye kijiti na mwenye tundu kama hilo mgongoni kuelekea nyuma, aliliwa kwa ndani na nyigu wa jenasi ya Aleiodes.

Inapong'ara zaidi ni kwenye vifukofuko vya hariri vya Cotesia, jenasi nyingine ya nyigu wanaokula viwavi kwa ndani, vyeupe au vya njano, vinavyobaki juu ya kiwavi au kando yake. Kifuko kilichofunguka kwa kifuniko nadhifu nchani kimetoa Cotesia mwenyewe. Kikiwa na kijitundu ubavuni, mara nyingi ametoka nyigu mwingine aliyemla Cotesia, na anayetegemea nyigu hawa kulinda mimea lazima aijue tofauti hiyo. Pupa ya kahawia yenye uso laini, umbo la pipa, isiyo na hariri, ni ya nzi.

Mwili uliolegea, unaoning'inia na kuvuja, bila tundu lolote, unaashiria virusi. Mgumu wenye ungaunga, kuvu. Hakikisha pia ni kiwavi kweli: miguu ya tumboni haizidi jozi 5 na ina vikulabu nyayoni. Jozi 6 au zaidi, bila vikulabu, ni buu wa nyigu-msumeno, mdudu wa jamii ya nyigu, si nondo. Kwa viwavi wachanga sana vikulabu havionekani kwa lenzi hii.

Taa ndiyo kasoro kubwa. Inamulika kutoka mbele, vivuli vinapotea na tundu linaonekana kama doa tu. Izime, tumia mwanga wa upande. Weka lenzi karibu kabisa na jicho, kisha sogeza kiwavi mpaka kiwe kama sentimita 2.5 kutoka kwenye kioo. Skrubu ya bawaba hulegea, ikaze mapema.

Usivutiwe na lenzi ya mara 30. Hulazimisha kusogea hadi chini ya sentimita 1, kichwa kinaziba mwanga, na kifuko kizima hakionekani wazi kwa pamoja. Wala haitakutajia spishi ya nyigu. Kwa hilo unahitaji hadubini na nyigu mwenyewe. Vifuko visivyofunguka viweke kwenye kichupa kilichozibwa kwa pamba, si mfuko wa plastiki unaotoa jasho na kuotesha ukungu, usubiri wiki mbili au tatu.